Nusu Lita

Kikombe changu hakifuriki.
Kikifurika, nesi Morag atanigombeza,
maji yatapanda mapafuni, nitalala nimekaa.
Nusu lita kwa siku, uji na chai humo humo,
hata mchuzi unahesabiwa.
Nimechora mstari kwa rangi ya kucha
kwenye jagi la plastiki,
na mstari huo ndio mpaka wa nchi yangu.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
gari la wagonjwa hunichukua kabla ya saa kumi na mbili,
Dundee bado giza, mto Tay haujulikani ulipo
ila kwa taa za daraja.
Kiti cha saba, karibu na dirisha.
Sindano mbili. Saa nne.
Damu yangu inatoka kutembea, inarudi imeoga.

Miaka tisa.

Ndizi wamenikataza.
Mimi, mzaliwa wa Machame!
Bibi angeuliza: sasa wewe unakula nini?
Waliponieleza habari za potasiamu nilicheka
mpaka mkalimani akadhani sijaelewa.

Zamani niliomba kama mdai.
Nilifunga, mfungwa anayefunga,
nilikesha, nilimpangia Mungu tarehe.
Kanisani walinipaka mafuta,
mikono ya mchungaji ilikuwa baridi kama kengele.
Simu ililia mara moja tu, Novemba, usiku wa manane:
figo imepatikana, njoo.
Nikaenda na mswaki, na Biblia, na soksi mpya.
Alfajiri wakasema haikupatana na mwili wangu.
Walisema kwa upole. Walinipa mkate wa kuchoma.
Nikarudi na soksi zangu.

Siku hiyo sikuomba.
Wala kesho yake.
Nilikaa jikoni tukatazamana, mimi na jagi.

Sijui hasa lini iligeuka. Malaika hakuja.
Labda ni Jumatano ile ya theluji,
Mzee Farquhar wa kiti cha nane, asiyeamini kitu
ila timu yake inayofungwa kila wiki,
aliponiuliza: Huyo Mungu wako, amekusahau?
Nikataka kufungua mdomo nitetee, kama wakili,
kumbe kinywani nina kipande cha barafu,
kimoja, mgao wangu wa asubuhi,
na kilikuwa kitamu.
Kitamu hata nikashindwa kusema.
Maji! Maji tu, yanayonyesha hapa bure
juu ya mapaa, juu ya kondoo, juu ya wasioyataka.
Machozi yakanitoka. Farquhar akaniomba radhi.
Nikamwambia: radhi ninayo.
Hakuelewa. Na mimi nilielewa baadaye,
ndani ya gari, tukipita kwenye maduka yaliyofungwa.

Msinisikie vibaya. Sizipendi sindano.
Jina langu bado liko kwenye orodha,
simu hulala kando ya kichwa changu.
Nikiitwa nitaenda, na soksi zilezile.
Ila sala imekuwa fupi, haina tena tarehe,
na kuna siku ni kunyamaza tu,
kama watu wawili waliozoeana wakimenya viazi.

Farquhar alituacha mwezi Machi.
Kwenye kiti cha nane yuko kijana wa miaka ishirini,
hazungumzi, anatazama dari.
Sijamwambia neno. Neno gani?
Juzi nilimpa nusu ya barafu yangu.

Usiku mkono wa kushoto unanguruma,
pale walipounganisha mishipa,
kama jokofu la jirani nyuma ya ukuta.
Mwanzo ulininyima usingizi.
Sasa nauweka chini ya sikio:
yupo, unasema, yupo, yupo,
nami siulizi unamsema nani.

Asubuhi nafungua bomba, najaza mpaka mstarini.
Mkono ukitetemeka maji huzidi kidogo.
Yaliyozidi nalimwagia ua la dirishani.
Lenyewe halipimiwi.